Siti ya Honda CG125 ya mzee: nimeivua, nataka irudi ilivyotoka kiwandani (niko Dodoma)

Kijana wa Mpwapwa (mwenye uzi)

Wakuu, mbukwenyi nyote.

Nina Honda CG125 niliyoachiwa na mzee wangu. Ni ile ya injini ya fito za kusukuma valvu, ambayo Honda waliitoa 1976 na Wachina wanainakili hadi leo. Mzee alikuwa bwana mifugo wilayani Mpwapwa na amestaafu nayo. Injini inawaka bila kubembelezwa, tenki halijatoboka, taa zote zipo. Ugonjwa uko kwenye siti.

Kava limekakamaa na kupasuka kuanzia kwenye mshono. Sponji imegeuka unga wa njano, ukikaa tu suruali inachafuka. Bati la chini limeliwa na kutu upande wa nyuma, kuna tundu kidole kinapita.

Nimezunguka kwa mafundi wa Majengo, Sabasaba, mpaka kule barabara ya Bahi. Wote wananiambia tupa hiyo, tukuwekee ya bodaboda. Mmoja kanitajia 60,000 pamoja na maandishi ya rangi ubavuni, nichague mwenyewe timu. Sitaki maandishi, sitaki mgongo wa abiria. Nataka siti bapa, nyeusi, yenye mistari ya kushonwa kukata upana na ule mkanda wa abiria katikati.

Naomba msaada: bati linaokoleka? Sponji gani inafaa? Na kava nishonewe na nani, fundi makochi au fundi viatu?

---

Boda Nkuhungu

Kaka unajitesa. CG za Kichina ni mtoto wa hiyo hiyo Honda. Nenda duka lolote la spea, siti zimejaa, unafunga bolti unaondoka. Hela ya sponji nunua mafuta.

---

Kijana wa Mpwapwa

Nilishajaribisha, kaka. Mashimo ya bolti hayakutani na ya fremu yangu na pua ya siti inapanda juu ya tenki. Muuzaji akasema tutoboe mengine. Nikamshukuru nikaondoka.

---

Mzoefu wa Ipagala

Picha ziko wapi? Uzi wa siti bila picha tunachangia nini?

---

Fundi Siti Majengo

Mkuu, nimecheka uliposema wote wanakutajia siti ya bodaboda, maana na mimi ndiyo inayonilisha. Ngoja nikwambie kwa nini tunazikwepa siti za zamani. Kazi yake haiko kwenye kava. Mteja anaona kava, analipia kava, kumbe fundi muda wake umeishia kwenye bati na sponji. Ukipatana na fundi bei ya kava, atakupa kava, na chini yake atakuachia uozo ule ule. Kwa hiyo ukienda kwa fundi, hata akiwa mimi, patana bati kivyake, sponji kivyake, kava mwisho.

Anzia chini. Ipindue siti. Pembezoni mwa bati utaona meno madogo ya pembetatu yaliyokunjwa, hayo ndiyo yanashika kava. Inua kila jino kwa bisibisi bapa, taratibu, mara moja tu. Chuma hicho kimechoka, ukikikunja na kukikunjua kinakatika na hutapata kingine. Kava la zamani usilichane hata kama limekuwa matambara. Ndiyo ramani yako.

Bati likibaki tupu, lipige brashi ya waya mpaka uone chuma. Kutu iliyobaki kwenye kona unaweza kuilowesha na siki usiku kucha, asubuhi unasugua, unasuuza, unakausha juani hapo hapo. Lile tundu usipeleke kwa mchomeleaji wa mageti. Bati la siti ni jembamba, unene wake kama milimita moja, na ile fimbo ya umeme italitoboa zaidi. Tafuta mtu anayechomelea kwa gesi, akate kiraka cha bati, akishike kwa shaba. Halafu rangi ya kuzuia kutu koti mbili, juu na chini, ukiingiza brashi hadi ndani ya kingo zilizokunjwa, maana kutu ilianzia huko.

Ukiona vitundu vidogo vya kiwandani chini ya bati, USIVIZIBE. Ni njia ya maji kutoka. Watu wa Dodoma tunadhani kutu ni ya Tanga na Dar kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Lakini maji yakishapenya kwenye mshono yanajificha ndani ya sponji, na hata jua liwake vipi juu hayatoki haraka, kwa sababu kava halipitishi hewa. Bati linaoza likiwa kivulini kwake.

Sponji nitaandika jioni, kuna mteja hapa.

---

Mbishi wa Area D

Mimi swali langu ni moja. Tuko Ugogoni, ng'ombe wamejaa, pale Kizota wanachinjwa, ngozi ipo. Kwa nini mtu akalie plastiki? Weka ngozi halisi, umalize habari.

---

Mshona Mabegi

Kaka Mbishi, ngozi ipi? Mbichi ya machinjioni ukiiwamba kwenye siti ikakauka, umejitengenezea muheme, mwenzio atakalia ngoma. Iliyosindikwa vizuri ni nzuri kwa mkoba na mkanda, nashona kila siku. Kwenye pikipiki inayolala nje ni kesi nyingine: inakunywa maji, jua linaikausha, usipoipaka mafuta mara kwa mara inapasuka. Tena mwenye uzi anataka ya kiwandani, na Honda yenyewe ilitoka na ngozi bandia. Kwa hiyo plastiki ndiyo asili hapa.

---

Mbishi wa Area D

Sawa dada, nimekubali kwa shingo upande.

---

Mzee wa Kilimatinde

Vijana, marahaba kabla hamjanisalimia.

Pikipiki hizi tumezitumikia miaka ya themanini huku Manyoni hadi Itigi, kabla ya lami. Nataka kusema jambo kuhusu ulaini, maana naona fundi atakuja kuandika na vijana mtamwambia aweke laini.

Siti ya Honda haikuwa laini. Mtu aliyeizoea ya leo angeilalamikia akiwa bado dukani. Laini ni tamu kwa dakika za mwanzo. Ukimaliza kilomita hamsini imeshabonyea yote na umekalia bati. Ngumu kiasi inakubeba toka Mbande hadi Mpwapwa na unashuka ukiwa na kiuno chako.

La pili, ubapa wake ulikuwa na kazi. Kwenye mchanga unasogea nyuma, kwenye mlima unasogea mbele, ukibeba mtu na gunia mnapangana. Hizi za siku hizi zimechongwa bonde la dereva, ukishakaa umekaa. Kijana, usimruhusu mtu akuchongee bonde.

Na uangalie ile mipira midogo chini ya bati, inayokalia fremu. Wengi huisahau. Isipokuwepo bati linagonga chuma kwa chuma na linapasuka pale pale ulipoziba kiraka.

---

Kijana wa Mpwapwa

Shikamoo mzee. Mipira nimekuta miwili tu, mingine imepukutika. Nitaipata wapi?

---

Mzee wa Kilimatinde

Marahaba. Nenda kwa wanaokata katambuga. Mpe mmoja uliobaki akukatie mfano wake kwenye ubavu wa tairi. Angalia unene ulingane, siti isije ikayumba.

---

Fundi Siti Majengo

Nimerudi. Mzee kaniwahi kwa lile kubwa, nami naongezea.

Mji wetu una jina kwa magodoro, kwa hiyo kila mtu hapa ana kipande cha godoro cha kukupa. Usikubali. Godoro limetengenezwa kwa mtu aliyelala, uzito umeenea mwili mzima. Kwenye pikipiki uzito wote uko kwenye sehemu ndogo, na barabara inakupiga kutoka chini. Sponji ya godoro la bei nafuu ina kama kilo 20 kwa mita ya ujazo. Haimalizi msimu, inabaki na shimo la makalio. Kwa siti tafuta ya kilo 50 na kuendelea. Muuzaji hajui namba? Pima mwenyewe: kata kipande cha sentimita kumi kwa kumi kwa kumi, weka kwenye mzani wa dukani. Gramu 50 za kipande hicho ndizo kilo 50 za mita ya ujazo. Ila ujue uzito wa sponji na ugumu wake ni mambo mawili. Uzito unakwambia itadumu kiasi gani. Ugumu unausikia kwa kuikalia.

Mimi kwa siti kama yako hufanya tabaka mbili. Chini naweka ile sponji ya rangirangi, ya mabaki yaliyosagwa yakabanwa kwa gundi. Ni nzito na ngumu, haibonyei ovyo. Juu nafunika tabaka la sentimita mbili la sponji laini kidogo. Hapo mzee na kijana wote wanakaa.

Kukata: kisu cha mkate chenye meno au jani la msumeno wa chuma, usikandamize, acha meno yakate yenyewe. Umbo la mwisho ni grenda yenye msasa mnene, kwa mkono mwepesi, na funika pua na mdomo kwa sababu vumbi lake si la kuvuta. Pima ubavu na ubavu kila mara. Siti iliyopinda huioni ukiwa juu yake, wanaokuja nyuma yako ndio wanaiona.

Gundi ni ile ya kopo ya mafundi viatu. Paka bati, paka sponji, subiri mpaka ukigusa haivuti kidole, ndipo uwambe. Ikishagusana haisogei tena, kwa hiyo chora mstari wa katikati kwenye vyote viwili kabla.

Mwisho: sponji mpya iwe kubwa kidogo kuliko kava, sentimita moja tu pande zote. Kava linatakiwa liibane. Mikunjo mingi mnayoilaumu kwenye kava ni sponji iliyokatwa ndogo.

---

Boda Nkuhungu

Fundi, hii elimu mbona siku nilipokuletea yangu hukunipa?

---

Fundi Siti Majengo

Ulikuja na abiria amesimama barabarani, ukasema dakika tano.

---

Mshona Mabegi

Kava sasa. Uliuliza fundi makochi au viatu. Jibu langu: muulize ana mashine gani na uzi gani, cheo chake achana nacho.

Kabla ya kufumua, chora mshale wa kuelekea mbele kwenye kila kipande na uvipe namba. Kila baada ya upana wa kiganja, weka alama inayovuka mshono ili vipande vikutane tena pale pale. Ndipo ufumue kwa wembe. Ila hilo kava la zamani limesinyaa kwa jua la miaka yote hiyo, ukilinakili lilivyo utapata kava dogo. Nakili umbo lake, halafu hakikisha juu ya sponji mpya: funika kwa nailoni, gandisha kwa utepe wa gundi, chora kwa kalamu nene mishono itakapopita. Pale nailoni na ramani ya zamani vikigombana, fuata nailoni. Ongeza sentimita moja na nusu za mshono.

Ngozi bandia ina kitambaa nyuma. Ivute kwa mikono miwili uone inanyooka zaidi upande gani. Upande huo uende kushoto na kulia kwa siti. Chagua yenye kitambaa cha kufuma kinachovutika, ile yenye kitambaa kikavu cha kutanda itakusumbua kwenye kona.

Uzi: nailoni au polista nene. Pamba hapana, inaoza mvua ya kwanza. Sindano namba 16 au 18. Urefu wa mshono milimita tatu hadi nne. Mafundi nguo wakipewa kazi hii wanashona vidogo vidogo wakidhani ndiyo uimara, kumbe wamelitoboa kava mstari mzima na litachanika hapo hapo. Na ukikosea, tundu halifi, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Cherehani ya kawaida ya miguu inapita tabaka mbili bila shida. Ukifika kwenye makutano, tabaka nne na paipini (ule mkanda mwembamba wa duara unaopita kwenye mshono) juu yake, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono. Mguu wa cherehani ukinata kwenye plastiki, paka poda ya mtoto kidogo.

Ile mistari ya kukata upana: kata kipande cha juu, weka chini yake sponji nyembamba ya sentimita moja na kitambaa chepesi, shona mistari yote KWANZA, ndipo ukate umbo. Ukikata umbo kabla, mistari inavuta kitambaa na kipande kinapungua.

Kumbuka pia kila mstari huo ni safu ya matundu inayotazama mbinguni. Tandika nailoni nyepesi kati ya kava na sponji. Inazuia maji, na inasaidia kava kuteleza wakati wa kuvalisha.

---

Mzoefu wa Ipagala

Dada uko wapi nikuletee siti yangu?

---

Mshona Mabegi

Nashona mabegi, kaka. Nimesaidia tu.

---

Kijana wa Mpwapwa

Wakuu, mrejesho. Picha hizi hapa, Mzoefu furahi.

Bati limezibwa kwa gesi, kiraka kimekaa. Meno matatu yalikatika hata kwa kuyainua taratibu, pale fundi kaweka ribiti ndogo na washa. Sponji ni tabaka mbili kama alivyoelekeza Fundi Majengo. Ya kwanza niliyoonyeshwa niliipima dukani ikaleta gramu 22, nikaiacha hapo hapo, muuzaji akanishangaa. Mipira nimekatiwa na mzee wa katambuga, hakutaka hata hela, alitaka tu kujua pikipiki ni ya mwaka gani.

Kava limeshonwa na fundi makochi mwenye mashine nzito. Mistari imenyooka. Mkanda wa abiria nimeuokoa ule ule wa zamani, nimeusafisha na sabuni, vishikizo vyake nimevipiga msasa na rangi.

Kinachonisumbua: kwenye pua, pale siti inapobanana na tenki, kuna mikunjo miwili kila kona. Nikivuta upande huu inahamia upande ule. Nimeshagundisha nusu tu, mengine nimeshika kwa vibanio vya nguo.

---

Fundi Siti Majengo

Vizuri hukumalizia. Usikate chochote kwanza.

Toa vibanio vyote. Weka kava juani mchana, upande mweusi juu, mpaka likiguswa linaunguza kidogo. Jua la hapa kwetu ndiyo mashine ya joto, watu wa mikoa ya baridi wanatumia ile ya kukaushia nywele saluni. Likiwa bado la moto, vuta pua kwanza, katikati kabisa, kamata kwenye meno mawili. Halafu nyuma, katikati, vuta kwa nguvu. Ndipo ubavuni: kulia kidogo, kushoto kidogo, ukitoka katikati kuelekea ncha. Kona iwe ya mwisho kabisa. Kosa la wengi ni kumaliza upande mmoja wote ndipo waje wa pili.

Kwenye kona, upande wa chini usioonekana, kata vipembe vya V kwenye ziada ya kava, usikaribie kingo ya bati, kisha vilaze kimoja kimoja na gundi. Mikunjo itahamia chini na kubaki huko.

Ikigoma hata hapo, sponji ya kona ni ndogo. Bandika kipande chembamba, au funga pamba ya mito ya polista juu ya pua kabla ya nailoni.

---

Kijana wa Mpwapwa

Imekubali! Jua la saa saba lilitosha. Mkunjo mmoja umebaki upande wa kulia, lazima upige magoti kuuona. Asanteni sana, fundi na dada Mabegi, na mzee wetu shikamoo tena.

---

Boda Nkuhungu

Nimeiona picha, nakiri imesimama. Sasa ipake ile mafuta ya kung'arisha dashibodi imeremete.

---

Fundi Siti Majengo

Asithubutu. Mafuta yale yanafanya siti iteleze, akifunga breki anahamia kwenye tenki. Maji, sabuni ya kawaida, kitambaa, basi. Na ukiiegesha juani, funika kwa kanga kuukuu, siyo nailoni. Nailoni inafungia unyevu ndani.

---

Pembeni Tu

Samahani kuingilia, mimi nina Yamaha DT125 ya miaka ya tisini, niko Kondoa. Nimeipindua siti baada ya kusoma hapa, chini ni plastiki, sioni meno yoyote. Nifanyeje?

---

Fundi Siti Majengo

Yako ni rahisi zaidi. Plastiki inashikwa kwa pini za stepla ya makochi. Toa za zamani zote kwa bisibisi nyembamba na koleo, usiache hata moja. Nunua pini za milimita sita, zikizidi hapo zinatokeza upande wa pili na utazisikia ukikaa. Tafuta zisizoshika kutu. Mstari wa zamani umeshatobolewa, kwa hiyo piga mpya pembeni yake kidogo. Plastiki ikiwa imepasuka mahali, ishone kwa waya mwembamba wa moto kabla hujagusa sponji.

---

Pembeni Tu

Stepla ya aina hiyo huku Kondoa sijaiona.

---

Kijana wa Mpwapwa

Ninayo, nilinunua kabla sijajua bati langu halipigwi pini. Ukishuka Dodoma nicheki faragha, nitakuazima.